ULANGUZI UMEHAMIA KWENYE SIMU

Mlanguzi wa zamani alificha sukari chini ya kitanda. Mlanguzi wa siku hizi bidhaa haifichi hata kidogo. Huianika mchana kweupe, akaipiga picha ya kupendeza, akaitia na muziki, na nchi nzima ikaiona. Anachokificha ni bei.

Nani asiyeijua leo kauli ya "bei njoo inboksi"? Kutoka Kariakoo hadi Mwanza, kutoka Mbeya hadi Unguja, kila anayeuza kitenge, simu, kiatu cha mtumba, kitanda au kiwanja huweka picha yake Instagram, au TikTok, au kwenye stetasi ya WhatsApp. Maelezo ni marefu, sifa ni nyingi, na namba ya simu ipo. Kinachokosekana ni kitu kimoja tu, nacho ndicho mnunuzi anachokitafuta. Akithubutu kuuliza hadharani, hujibiwa kwa ulimi wa asali: "njoo inboksi, mpenzi". Maana yake ni kwamba aondoke uwanjani penye watu, aingie chumbani peke yake na muuzaji, na humo ndimo atakamotajiwa bei yake. Bei yake yeye, siyo bei ya kitu.

Wananchi wengi wamekwisha kuizoea hali hii hata wanaiona kuwa ndiyo desturi ya biashara. Hiyo ni kasumba, na hapana budi iitwe kwa jina lake. Mlanguzi hakuwa tu mtu aliyeuza ghali. Mlanguzi alikuwa mtu aliyejitajirisha kwa sababu mnunuzi hakujua bidhaa ipo wapi, ipo kiasi gani, na mwenziwe kainunua kwa shilingi ngapi. Giza ndilo lililokuwa mtaji wake. Muuzaji wa inboksi anafanya kazi kwa mtaji huo huo, tena yeye ana taa mkononi na mnunuzi hana. Kabla hajajibu swali la bei, huufungua kwanza ukurasa wa muulizaji. Hutazama picha zake, akaona amesimama mbele ya gari au mbele ya banda, amevaa nini, amekula wapi Jumapili, anaishi Masaki au Mbagala. Baada ya hapo ndipo hesabu inapopigwa. Gauni moja, la kitambaa kimoja, lililoshonwa na fundi mmoja, linaweza kutajiwa bei tatu kwa wanunuzi watatu katika saa moja, na hakuna hata mmoja wao atakayejua.

Watakuwapo watetezi watakaosema kwamba kupatana bei ni jambo la kale, na kwamba hata sokoni Tandale hakuna kibao kwenye fungu la nyanya. Hoja hiyo inaonekana nzuri mpaka itazamwe kwa karibu. Sokoni watu hupatana mbele ya watu. Mama anayeuza nyanya anasikiwa na jirani yake anayeuza vitunguu, na mnunuzi wa kwanza anasikiwa na wa pili. Akipandisha mno, mteja hupiga hatua tatu akafika kwenye meza nyingine. Jioni ikifika kila aliyekwenda sokoni anajua nyanya zimeuzwaje siku ile, na habari hiyo huenda naye mpaka mtaani, akamwambia jirani. Bei ya sokoni hutengenezwa na umma hata kama haikuandikwa. Inboksi imeuvunja umma huo vipande vipande. Kila mnunuzi amefungiwa chumba chake, na mwenye funguo za vyumba vyote ni muuzaji peke yake. Hayo hayawezi kuitwa mapatano.

Lipo jambo jingine ambalo wananchi wengi hawalijui, nalo linaeleza kwa nini ugonjwa huu umeenea upesi namna hii. Mitambo ya mitandao hiyo haisambazi kila picha sawasawa. Husambaza zaidi ile ambayo watu wanaizungumza, wanaiandikia maoni, wanakaa nayo muda mrefu. Muuzaji anayeandika bei wazi hupata watu wachache wanaouliza, kwa sababu jibu wanalo. Muuzaji anayeficha bei hupata mamia wanaoandika "bei gani?", "bei tafadhali", "nami nijibu", na kila swali huhesabiwa na mtambo kuwa ni dalili ya umaarufu wa tangazo, ukalipeleka kwa wengine elfu. Hivyo mwananchi anayeuliza bei kwa nia njema amegeuzwa kuwa mpiga debe asiyelipwa. Amechukua muda wake, na fedha ya kifurushi alichonunua mwenyewe, akamtangazia mtu anayemnyima bei! Mbinu hii ingebuniwa na bepari wa karne ya 19 angejengewa sanamu.

Taifa hili halikuanza jana kupambana na hila za biashara. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwataja wanyonyaji bila kuwaonea haya. Mwaka 1973 Tume ya Bei iliundwa kwa sheria, ikapanga bei za bidhaa nyingi. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, na mwaka 1983 Waziri Mkuu, marehemu Edward Moringe Sokoine, aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi ambavyo wazee mpaka leo wanavisimulia. Haifai kudanganyana kuhusu nyakati hizo. Rafu za maduka zilikuwa tupu, sabuni ilikuwa habari ya kuambiana kwa kunong'onezana, na baadhi ya waliopewa kazi ya kugawa bidhaa waligeuka kuwa walanguzi wakubwa kuliko wale waliokuwa wakitafutwa. Wapo wadogo walioonewa huku wakubwa wakitoroka. Hakuna mwenye akili timamu anayedai kwamba mwananchi arudishwe kwenye foleni ya duka la kaya. Lakini katika yote yaliyotupwa pale udhibiti wa bei ulipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, kilitupwa pia kitu ambacho hakikuwa na kosa: imani kwamba bei ni jambo la hadhara, na kwamba raia ana haki ya kuijua kabla hajafungua mkoba. Soko huria lenyewe, hata kwa maneno ya wale walioliubiri, huhitaji mnunuzi anayejua. Soko ambalo mnunuzi amefumbwa macho lina uhuru kwa upande mmoja tu.

Na akishatajiwa bei, mashaka yake hayajaisha. Huambiwa atume fedha kwanza. Fedha kwa simu ni neema kubwa iliyoingia nchini mwaka 2008, imewafikia wananchi ambao benki zilikuwa zimewapa kisogo, lakini ina tabia moja: ikitoka imetoka. Mnunuzi wa Songea hutuma fedha kwa muuzaji wa Dar es Salaam ambaye hamjui jina wala mtaa, akangoja basi. Mara nyingi mzigo hufika salama, ni lazima haki isemwe. Mara nyingine kiatu kilichokuwa kwenye picha na kiatu kilichomo kwenye boksi havina hata undugu wa mbali. Mara nyingine boksi lenyewe haliji. Akilalamika, ujumbe wake hauendi tena, maana amefungiwa. Akiandika malalamiko chini ya tangazo, hufutwa kabla hayajasomwa. Zinazobaki pale ni shuhuda za wateja wenye furaha tupu. Duka gani hapa duniani halina hata mteja mmoja aliyewahi kukasirika? Ni lile ambalo mwenye duka ndiye anayeshika kitabu cha malalamiko na kifutio.

Hapa ndipo wanapoingia madalali wa umaarufu. Hawa ni waimbaji, waigizaji, wachekeshaji na wengine ambao kazi yao haijulikani, ila wana wafuasi laki tano au milioni mbili. Dada mmoja huamka asubuhi akasema uso wake umetakata kwa krimu fulani, mchana akasema tumbo lake limepungua kwa majani ya chai fulani, na jioni akatangaza kampuni ya viwanja. Amelipwa kwa yote matatu, na hasemi kama amelipwa. Binti wa Tandahimba anayemtazama anaamini kwamba anapewa siri na dada yake, kumbe amesomewa tangazo. Krimu yenyewe haina jina la kiwanda wala alama ya Shirika la Viwango. Tangu mwaka 2019 shirika hilo ndilo lililokabidhiwa kusimamia usalama wa chakula na vipodozi, huku dawa zikibaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Wakaguzi huingia madukani, na hufanya vizuri. Lakini mkorogo hauhitaji tena kuwekwa dukani ambako mkaguzi ataukuta. Unauzwa kutoka chumba cha kulala, unapelekwa na bodaboda, na dalali wake anajulikana nchi nzima. Zamani mtu akiitwa kupe aliona aibu akakana. Siku hizi wapo wanaojiita chawa kwa majivuno na kutaka walipwe kwa uchawa wao. Maendeleo ni ya namna nyingi.

Madhara ya hayo hayaishii kwenye ngozi. Tabia ya mlaji imebadilishwa kutoka mizizi. Mkulima wa pamba au wa korosho alikuwa akinunua baada ya mavuno, na mfanyakazi baada ya mshahara. Kati ya tamaa na ununuzi palikuwa na siku za kufikiri, na mwendo wa kwenda dukani. Sasa tamaa hufika kitandani saa tano ya usiku, na mlango wa kulipia umo katika kioo kile kile. Pasipo na fedha, katika kioo hicho hicho mna mkopo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ililazimika kutangaza programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Nani asiyejua vitendo vya wakopeshaji wa namna hiyo? Wamechukua majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa siku moja wakamwandikia mama mkwe wake na mwajiri wake kwamba ni mwizi. Wananchi wenyewe wamekwisha kuipa mikopo hii jina lake, "kausha damu". Wachache watakaotafuta walikokwenda wale waliokopa watakuta kwamba si wote waliokopa kwa ajili ya dawa ya mtoto. Wengine walikopa kwa ajili ya wigi.

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kama hasira yote itamwangukia muuzaji mdogo. Mama anayeuza dagaa wa Kigoma kwa stetasi yake ya WhatsApp siyo adui wa mtu. Kabla ya simu, mama huyo angehitaji fremu Kariakoo, na fremu ya Kariakoo ina kodi ya miezi mingi na kilemba juu yake, ambacho hakiandikiwi risiti. Simu imemwondolea mwenye nyumba huyo. Kijana aliyemaliza chuo bila ajira amepata pa kuanzia; mshonaji wa Tanga amepata wateja wa Arusha. Faida hizo ni za kweli na hapana mzalendo atakayezibeza. Lakini mama wa dagaa amemkimbia mwenye nyumba wa Kariakoo akaangukia mikononi mwa mwenye nyumba mkubwa zaidi, asiyemwona uso, asiyejua Kiswahili chake, na ambaye hawezi kushitakiwa katika Baraza la Kata.

Mwenye nyumba huyo ana jina. Kampuni ya Facebook ya Marekani iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, ikainunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola zinazokaribia bilioni 19, na mwaka 2021 ikajibadili jina kuwa Meta. Mwaka 2023 mapato yake yalizidi dola bilioni 130, karibu yote kutokana na kuuza matangazo. Pato zima la Tanzania kwa mwaka huo huo, kwa jasho la wakulima, wachimbaji, wavuvi na wafanyakazi wote, halikufika dola bilioni 90. Na biashara yake ni rahisi kueleza. Muuzaji hukaribishwa bure. Hukusanya wafuasi kwa miaka, akidhani ni wateja wake. Kisha hugundua kwamba akiweka tangazo, wengi wao hawalioni, kwa kuwa mtambo umechagua kuwaonyesha mengine. Na kwamba akitaka kuwafikia watu aliowakusanya mwenyewe, sharti alipie. Nafasi hizo huuzwa kwa mnada, naye hushindana na makampuni yenye kasha la dola. Huo ni mrija, na umepita moja kwa moja kutoka mfuko wa mama wa dagaa hadi California.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, kwa kosa la mafundi wake wenyewe. Siku hiyo maelfu ya maduka ya Tanzania yalifungwa bila mwenye duka kugusa kufuli, na hakuna aliyeombwa radhi kwa Kiswahili. Vilevile ukurasa wa muuzaji unaweza kuibiwa na tapeli, au kufungwa na mtambo kwa kosa asiloelezwa, na jitihada ya miaka mitano ikapotea asubuhi moja. Ataenda kulalamika wapi? Atajaza fomu, na fomu itajibiwa na mashine.

Julai 2025 Serikali ilitoa amri iliyowazuia watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za rejareja na uwakala wa kutuma fedha kwa simu. Wafanyabiashara wa Kariakoo, waliokuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wageni wamekalia hata vimeza vya wazawa, waliipokea kwa shangwe, na walikuwa na sababu. Ila amri hiyo inamhusu mgeni mwenye miguu. Mgeni mwenye uwanja mzima, anayeamua ni meza ya nani itaonekana na ya nani itafunikwa, hakuguswa, maana hana duka mtaa wowote. Ni kweli kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilianzisha kodi ya asilimia 2 kwa huduma za kidijitali zinazotolewa na kampuni zisizo na makazi nchini. Ni mwanzo mwema. Lakini kodi humgawia Serikali sehemu ya anachotoa muuzaji. Haimpi muuzaji haki yoyote, na haimpi mnunuzi bei.

Kinachotakiwa kufanywa hakihitaji Operesheni wala mabomu ya machozi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matangazo ya kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina masharti ya kumlinda mlaji anayenunua kwa njia hizi, likiwamo la muuzaji kujitambulisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakataza taarifa za mtu kutumiwa ovyo. Mamlaka ya Mapato imekuwa ikiwafundisha wananchi kudai risiti ya mashine tangu mwaka 2010. Vyombo vyote hivi hulipwa na walaji hao hao, na baadhi yake vina kurasa nzuri sana katika mitandao hiyo hiyo, ambamo viongozi wake hupigwa picha wakikata utepe.

Basi na itamkwe wazi, kwa kanuni yenye adhabu, kwamba anayetangaza bidhaa kwa umma aitaje bei yake kwa umma. Kama bei hubadilika kwa ukubwa au kwa umbali, aandike ya chini na ya juu. Anayelipwa kusifu, aseme kwamba amelipwa, kwa sauti ile ile anayosifia. Muuzaji wa mtaji mdogo asidaiwe leseni ya mamilioni. Adaiwe jina, namba na mahali, mambo ambayo mwuza mkaa wa mtaani hayafichi. Vyama vya ushirika, ambavyo vimebakia vikigombania mizani ya kahawa na korosho, navyo vifikiri kama wanachama wao hawastahili soko lao la simu, lenye bei zilizoandikwa, badala ya kila mmoja kupigania nafasi peke yake katika mnada wa Meta.

Vyombo vinavyohusika visianze na mama wa dagaa. Imekuwa mazoea mabaya kwamba kila msako unapotangazwa, wa kwanza kukamatwa ni yule asiye na wakili. Safari hii kazi ni rahisi kuliko wakati wa Sokoine, kwa kuwa hakuna ghala la kuvunja usiku. Wenye wafuasi milioni wamejianika wenyewe, kila tangazo lina tarehe na saa, na chini yake wananchi mia tano wameandika swali moja ambalo halijajibiwa.